Waya Umefika, Intaneti Haijafika

Kaya yetu ipo Mjimwema ya Njombe mjini, si Mjimwema ya Makambako. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu hata boksi la waya lilianza kwa kupotea njia. Shemeji yangu alilinunua Kariakoo, akalizungushia gundi ya karatasi kila upande, akaandika kwa kalamu nene jina la Baba mkwe wangu na chini yake "Mjimwema, Njombe". Tangu Njombe ilipokuwa mkoa mwaka 2012, Makambako nayo imo ndani ya mkoa huo, na ina kata yake inayoitwa Mjimwema. Kwa kondakta anayetoka Dar es Salaam, Mjimwema ya kwanza kuikuta ni hiyo, pale barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya. Boksi likashushwa huko. Sisi huku tulilisubiri stendi hadi vidole vikafa ganzi, maana Juni ya Njombe haimhurumii mtu aliyesahau koti.

Baba mkwe ndiye aliyekwenda kulifuata, kilomita 60 hivi kwenda na nyingine kurudi. Aliporudi alilitua barazani, akalinyanyua tena kwa mkono mmoja, akalitikisa.

"Hili boksi ni jepesi," akasema.

"Si afadhali, Baba? Umelibeba bila tabu," mume wangu akamjibu.

"Nimebeba shaba miaka mingi. Shaba haibebeki hivi."

Hakuna aliyelishika neno lile. Chai ilikuwa imekwisha kumiminwa, na watoto walikuwa wanapigania kulifungua boksi.

Ni vizuri nieleze kidogo habari za Baba, kwa sababu bila yeye kisa hiki hakina mwili. Alikuwa fundi wa laini wa Shirika la Posta na Simu, kazi aliyoifanya hadi shirika lile lilipogawanywa na TTCL ikaanza Januari 1994. Alipanda nguzo kwenye ukungu, akavuta nyaya kwenye vilima vya kuelekea Lupembe, na hadi leo akipita barabarani husoma nguzo kama watu wengine wanavyosoma mabango. Kwa hiyo nyumba yetu ilipoamua kuvuta waya, haikumwingia akilini mtu yeyote kwamba tungeweza kukosea. Tulikuwa na mtu wa kazi hiyo mezani kwetu.

Haja yenyewe ilikuwa ya Mama mkwe kabla haijawa ya Baba. Binti yao, shangazi wa watoto wangu, anatunza wazee huko Leicester, Uingereza, na kila Jumapili jioni hupiga simu ya picha. Nyumba ya wazee wetu, Baba na Mama, ipo chini bondeni. Yetu ipo juu, kando ya barabara. Kule bondeni mtandao wa simu ni wa kubahatisha: ukisimama dirishani unaupata, ukikaa kitini umeupoteza. Waifai ya kwetu haishuki hadi kule, inazuiwa na umbali, kuta nene za matofali ya kuchoma na kichaka cha mianzi ya Baba ya kugema ulanzi. Basi Mama alikuwa akipanda mlima kila Jumapili kuja kumwona mwanawe kwenye simu. Wakati wa masika ule mteremko wa udongo mwekundu ni hatari kwa mtu wa umri wake. Jumapili moja aliteleza, akafika sebuleni na tope hadi kiunoni, akajifunga khanga safi juu ya tope ili binti yake asimwone katika hali ile. Akaongea na kucheka vizuri tu. Simu ilipokatwa ndipo alipotuonyesha kiwiko. Mume wangu hakulala usiku ule, na asubuhi akasema kuanzia sasa intaneti ndiyo itakayoshuka kumfuata Mama.

Baba aliposikia waya unashuka, akaongeza na lake: kamera mbili kwenye miparachichi. Hass zake zilikuwa zikitoweka usiku kabla mnunuzi hajafika, na mwizi wa parachichi changa humuumiza mkulima mara mbili, kwani tunda lenyewe halimfai hata yeye mwizi.

Tukamwita fundi, kijana wa mjini mwenye koleo yake ya kubania vichwa. Mama akaweka sharti moja tu, waya usikatize shamba lake la viazi, kwa maana jembe halina macho. Sharti la haki kabisa. Waya ukaanzia kwenye ruta sebuleni kwetu, ukapanda darini, ukavuka nyumba nzima, ukatokea nyuma, ukashuka na uzio ndani ya bomba jeusi la maji, ukapita ubavuni mwa jiko la nje, ukaizunguka mianzi, ukaingia dari la wazee, ukashuka ukutani hadi kwenye kimeza cha televisheni. Ukitoka kwetu kwenda kwao kwa miguu unapita katikati ya viazi na umefika. Waya haukupita huko, na hilo sote tulilijua kwa macho, ila hakuna aliyelihesabu.

Boksi lilikuwa na mita 305. Ndicho kipimo cha kawaida cha maboksi haya, kwa kuwa yalianza kupimwa kwa futi, na mita 305 ni futi 1,000. Nadhani hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anauziwa mita 305 zikiwa kipande kimoja, bila kiungo, na anaona ni jambo la wazi kwamba zote zinaweza kufanya kazi zikinyooshwa. Boksi letu halikuwa na neno lolote ubavuni la kumwonya.

Fundi akabana kichwa cha mwisho: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Akachomeka. Taa ya kijani ikawaka. Watoto wakashangilia, Mama akachinja kuku. Taa ile inasema tu kwamba pande mbili zimesikiana. Haisemi ni maneno mangapi yanayofika mazima.

Jumapili ikaja. Mama akakaa kwenye kochi lake mwenyewe, miguu imefunikwa blanketi, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Uso wa binti yake ukatokea. Ukasema "Shikamoo Ma", halafu ukaganda, macho nusu yamefumba, mdomo umepinda upande. Sauti ikaja vipande vipande, ikakoma. Uso ukabaki pale vilevile. Mama akaukaribia, akaugusa kwa kidole.

Usiku ule akampigia kwa simu ya kawaida, akaenda kusimama dirishani.

"Mwanangu, unalia nini?"

"Silii, Mama. Nani kakwambia nalia?"

"Nimekuona."

Hakuna maelezo yaliyomwondoa hapo. Alikuwa ameona kwa macho yake uso wa mwanawe ukiwa umekunjamana, na mama hapewi tafsiri ya uso wa mtoto wake. Jumapili iliyofuata ukaganda tena, safari hii akiwa anatazama chini, na Mama akaacha kula chakula cha jioni. Alianza kuwauliza watu wa kanisani kama wana ndugu Leicester.

Kuanzia hapo lawama zikaingia nyumbani na kukaa kama mgeni asiyeaga. Baba alisema wajukuu wanamaliza bando kwa michezo, na ruta ikawa inafungiwa kabatini kila jioni hadi mwanangu wa kiume akalia kwa kuonewa, na kweli alikuwa ameonewa. Mume wangu alimlaumu fundi. Fundi akaja, akakata vichwa, akabana vipya, intaneti ikaonekana kupona mchana, Jumapili ikaanguka. Akasema ruta ni mbovu. Tukaazima ruta ya jirani, ikawa vilevile. Shemeji wa Dar es Salaam akaulizwa kwa simu ni waya wa bei gani alioununua, naye akahisi ameitwa mwizi, akakaa muda mrefu hampigii Baba yake. Hilo lilimuumiza Baba kuliko kamera, ambazo nazo zilikuwa na ugonjwa wao: mchana zinaona, giza likiingia zinazimika, zinawaka, zinazimika.

Mimi nilianzia kwenye ganda la waya. Nyaya hizi huchapwa maandishi madogo mwili mzima, na mara nyingi kila baada ya mita moja kuna namba inayopanda. Nilipanda darini na tochi, nikaifuta vumbi sehemu iliyo karibu na ruta: 017. Nikateremka kwa wazee, nikasogeza kimeza cha televisheni: 155. Kati yake ni mita 138. Na mbele ya namba, kwa herufi ambazo sikuwahi kuzitilia maanani, kulikuwa na CCA.

Jioni ile nililiweka jambo mezani mbele ya wote. Waya wa mtandao wa aina hii, yaani wa etheneti, una kikomo cha mita 100. Kanuni ya kufunga nyaya majengoni, ya tangu mwaka 1991, inazigawa hivi: mita 90 za waya wa kudumu ukutani, na 10 za vipande vyepesi vya mwanzo na mwisho, kutoka ukutani hadi kwenye mashine. Dari linahesabiwa. Kupanda na kushuka ukutani kunahesabiwa. Mzunguko wa mianzi unahesabiwa. Sisi tulikuwa tumezidisha 38.

Baba aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, mimi nimevuta simu kilomita na kilomita. Mtu alisema hallo huku, akasikika kule. Shaba ni shaba. Leo mita 100 tu imechoka?"

Nampenda Baba kwa swali lile, kwa sababu ni swali la mtu anayeijua kazi, na jibu lake ndilo kiini cha mambo yote haya. Sauti ya simu aliyoivuta yeye ilikuwa mawimbi ya polepole, kati ya mizunguko 300 na 3,400 kwa sekunde. Mawimbi ya polepole husafiri mbali kwenye shaba. Etheneti ya megabiti 100 inatikisa waya huohuo kwa mizunguko inayofikia milioni 31 kwa sekunde, karibu mara 9,000 ya sauti ya mwanadamu kwenye simu, na kadiri mtikisiko unavyokuwa wa kasi ndivyo waya unavyoumeza. Waya mzuri wa daraja tulilonunua hupimwa hadi mizunguko milioni 100. Katika kasi hiyo, baada ya mita 100, volti inayofika inaruhusiwa kushuka hadi kama sehemu moja ya kumi na mbili ya ile iliyotumwa, na bado swichi iliyotengenezwa vizuri huisoma. Ongeza mita nyingine na mnong'ono unazama ndani ya kelele za jozi nyingine za nyaya zilizo ndani ya ganda hilohilo. Hapo waya haukatiki. Unaanza kupoteza pakiti, yaani vipande vya ujumbe, moja hapa, nyingine pale. Ukurasa wa maandishi hausumbuki, kwani kilichopotea huombwa tena na kutumwa tena. Simu ya picha haina nafasi ya kusubiri. Ndiyo maana watoto walisoma masomo yao kwa wazee bila malalamiko, na uso wa shangazi yao ukaganda.

Baba alisikiliza lote. Akauliza kwa nini waliobuni hawakuvuta mbali zaidi tangu mwanzo.

Walivuta. Robert Metcalfe na David Boggs walipoianza etheneti kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, mwaka 1973, walitumia waya mnene mmoja uliopita kwa mashine zote. Kanuni zilipoandikwa miaka ya 1980, kipande cha waya mnene kilipewa mita 500, na chembamba chake 185. Jozi zilizosokotwa, ndugu wa waya wa simu, ziliingia kwenye kanuni mwaka 1990 kwa mita 100, zikiwafikiria watu wa maofisini, kutoka chumba cha nyaya hadi mezani. Na zamani zile kulikuwa na sababu ya pili ya kuweka mipaka. Kila mashine ilitakiwa isikilize kwanza kama waya uko kimya ndipo iseme. Wawili wakisema pamoja, maneno yanagongana, na kila mmoja lazima agundue mgongano kabla hajamaliza ujumbe wake mfupi kabisa. Kwa etheneti ya megabiti 10, muda huo ulikuwa sehemu 51.2 za milioni ya sekunde, kwenda na kurudi. Mtandao ukiwa mrefu kupita hapo, mashine ingemaliza kusema bila kujua kwamba haikusikika.

Baba akacheka kwa sauti, mara ya kwanza baada ya majuma mengi. "Hiyo ni laini ya pamoja!" Akawaeleza wajukuu habari za nyumba kadhaa zilizotumia laini moja ya simu, unanyanyua mkono wa simu, unasikiliza, ukikuta mtu anaongea unaweka chini unangoja zamu. Alieleza hadi ugali ukapoa. Nikamwambia swichi za leo zimeiondoa shida ile, kila mashine ina njia yake, na kilichobaki kutufunga ni kuchoka kwa shaba. Akaitikia kwa kichwa.

"Na kama si shaba?"

Hapo nikamwonyesha zile herufi. CCA ni alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 60 hivi ya shaba, huvunjika upesi ukiikunja kwenye kichwa, na kanuni za waya wa daraja hili haziikubali. Pia ni nyepesi sana, chini ya theluthi ya uzito wa shaba. Baba hakusema "niliwaambia". Alinyanyuka, akaenda kulichukua boksi lililobaki, akaliweka katikati ya meza, akarudi kukaa. Kisha akachukua simu akampigia mwanawe wa Dar es Salaam na kumwambia kwamba hata yeye angedanganywa dukani, kwa sababu ngozi ya juu ni shaba halali.

Kamera nazo zikajieleza. Kila moja ilikuwa mwisho wa mita 60 za waya ule, ikilishwa umeme wa volti 12 kupitia jozi za ziada. Mchana kamera inakula kidogo. Usiku inawasha taa zake za kuonea gizani, inataka umeme mwingi zaidi, na volti kadhaa zinapotelea njiani kwenye alumini. Inazimika, inapumua, inawaka, inazimika. Dawa ni shaba kamili, na umeme wa volti 48 hivi wa kanuni iliyotoka mwaka 2003, kwa sababu volti zikiwa nyingi mkondo unakuwa mdogo na kinachopotea njiani ni kidogo.

Kwa mita 138 dawa iliyokuwa karibu ilikuwa swichi ya katikati. Swichi haipazi sauti tu, inaisoma pakiti yote na kuiandika upya, na mita 100 zinaanza kuhesabiwa upya kutoka hapo. Katikati yetu palikuwa jiko la nje. Yaani tulitakiwa kuomba nafasi kwa Mama, jikoni kwake, juu ya kuni zake, penye moshi na masizi, na plagi moja tu aliyoitumia kwa balbu ya vifaranga.

"Kifaa chenyewe kinakula moshi?" akauliza.

"Hapana, Mama. Tutakifungia kwenye kisanduku."

"Na kinalala?"

Hatukulielewa swali. Alikuwa na maana ya umeme. Mama ndiye mlinzi wa LUKU wa bonde zima, na kila usiku kabla ya kulala hupita akizima kila kilichowaka. Swichi ikafungwa, waya mpya wa shaba ukavutwa, mita 71 juu na 67 chini, na mchana ule kila kitu kikaenda vizuri, picha hazigandi, kamera zinaona hadi sisimizi. Usiku Mama akapita, akazima plagi ya jiko kama alivyozima siku zote. Bonde likawa gizani kimtandao hadi alfajiri, na alfajiri hiyo mparachichi wa tatu kutoka mtoni ulikutwa mtupu.

Kulikuwa na kimya kirefu kwenye chai ya asubuhi. Mume wangu alifumbua mdomo, nikamgusa goti chini ya meza. Nilichukua daftari nikakaa na Mama kando ya mafiga. Swichi ile inakula wati 5. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja, kwa hiyo uniti moja inaiwasha saa 200, zaidi ya siku nane mchana na usiku. Mama aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akakokotoa mwenyewe kwa vidole. Kisha akachukua kipande cha plasta, akakibandika juu ya swichi ya ukutani ili hata yeye mwenyewe asiiguse kwa mazoea.

Tungeweza kubaki hapo. Nyumba nyingi zingebaki hapo na kuishi vizuri. Lakini mvua zetu za Novemba huja na radi, na Baba alikuwa ameshasema tangu Juni kwamba waya wa metali unaotoka nyumba moja kwenda nyingine chini ya miti mirefu lazima uwekewe vikinga radi pande zote mbili na nondo za ethi zipigwe ardhini, kama walivyofanya wao kwenye kila laini ya simu. Fundi alimwambia, kwa adabu, kwamba hiyo ilikuwa zamani. Haikuwa zamani. Radi ilipiga mkaratusi wa jirani, haikutugusa sisi moja kwa moja, ila mshtuko uliosambaa ardhini na kwenye shaba ulitosha. Ruta ya juu, swichi ya jiko, kifaa cha kulishia kamera na tundu la mtandao la televisheni ya wazee, vyote vilikufa kwa mkupuo mmoja. Jikoni kulibaki harufu ya plastiki iliyoungua, na vifaranga wazima, Mungu ni mwema.

Safari hii neno la Baba lilisikilizwa lote. Akasema kama radi inapenda shaba, tuipe kitu isichokipenda: faiba, yaani waya wa kioo.

Nchi yetu ililifanya jambo hili kwa ukubwa kabla yetu. SEACOM, waya wa kioo wa chini ya bahari, ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, na Mkongo wa Taifa ukatandazwa kuelekea mikoani kwa kioo hichohicho. Mwanga kwenye faiba haujali mita 138. Vifaa vya bei ya chini kabisa vya faiba moja huandikwa kilomita 20. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi ya nyumba ya juu inabaki nyumba ya juu. Kasoro ya kuangalia ni moja: faiba nyingi za kutundika zina uzi wa chuma ubavuni wa kuibeba, nao unaweza kuleta kilekile tulichokikimbia. Baba aliuchana uzi ule kwa kisu pande zote mbili, akauacha uishie kwenye nguzo, mbali na kuta.

Fundi mwenye mashine ya kuunga faiba alitoka Makambako, tena Mjimwema ya huko. Alimsalimia Baba "Kamwene, Mzee", akamshikisha kalamu ya mwanga mwekundu, akachomeka ncha moja ya faiba. Baba akaikunja ncha nyingine taratibu kwenye kidole, jinsi alivyozoea kukunja shaba. Pale mkunjo ulipokaza, mwanga ukavuja kupitia ganda, wekundu uleule, ukamchora mstari kwenye ngozi ya kidole. Akaulegeza, ukarudi ndani. Akaukaza, ukatoka. Aliwaita wajukuu mmoja mmoja waje kuona. Kuanzia pale yeye ndiye aliyesimamia kila kona ya bomba: hakuna kukunja chini ya upana wa sahani ya chai, alisema, na hakuna kuvuta kwa nguvu. Jiko la Mama likapata plagi yake yote tena.

Jumapili ya kwanza ya faiba shangazi yao alitokea mzima, uso unacheka, vikombe vyake nyuma yake kabatini vinaonekana. Mama alimkagua kimya kwa muda.

"Geuka upande."

Akageuka.

"Umekonda."

"Sijakonda, Mama. Ndiyo mara ya kwanza unaniona vizuri."

Wakaendelea hivyo hadi viazi vikaungulia jikoni, na hakuna aliyenyanyuka kuviepua.

Mwizi wa parachichi bado hajaonekana, labda amesikia habari za kamera. Anayeonekana zaidi ni Baba, saa kumi alfajiri, akizunguka miti na tochi kuhakikisha kamera zinafanya kazi. Kamera zile zina spika. Mama amejifunza kuzitumia, na sasa anamfuata akiwa kitandani kwake, bila kushuka, kidole kwenye simu, sauti inatokea juu ya mparachichi:

"Mzee, koti liko wapi?"

Naye Baba hunyanyua uso kuielekea kamera na kujibu kwa sauti ya juu, kama aliye mwisho wa laini ndefu: "Nakusikia vizuri!"